Intakomu na paneli ya sauti katika ndege ndogo: namna ya kuchagua

Wakaaji wa Shabunda, Walikale, Punia ao Minembwe wanajua ndege ndogo kuliko watu wengi wa miji mikubwa. Fasi barabara imekatika ao haina usalama, ndege ya injini moja njo inaleta dawa na wafanyakazi wa misaada, na njo inarudisha mgonjwa anayengoja operesheni. Watu wanaangalia injini, wanaangalia matairi, wanauliza kama rubani ni mzoefu. Ni wachache wanaouliza juu ya kisanduku chembamba, upana wa sentimita 16 hivi na urefu wa sentimita tatu na kitu, kilichowekwa kati ya vyombo vya mbele ya rubani. Kumbe kila neno linapita humo: neno la mnara wa kuongozea ndege, la rubani mwenzake, la muuguzi anayeketi nyuma na mgonjwa, na la chombo kinacholia wakati mlima uko karibu.

Kisanduku hicho ni paneli ya sauti. Pamoja nayo kuna intakomu, ambayo mara nyingi iko ndani ya paneli yenyewe, lakini katika ndege za zamani iko pembeni, peke yake. Mara nyingi pesa za kununua vitu hivi zinatoka kwa hospitali, kanisa, shirika ao kampuni ndogo ya watu watatu wanne, na wale wanaotia sahihi kwenye karatasi ya malipo si marubani. Mtu anawaletea bei mbili, moja mara nne ya ingine, na hawajui tofauti iko wapi. Habari hizi ni kwa ajili yao, na kwa abiria pia.

Kazi ya kila kimoja

Ndani ya ndege ya pistoni ya injini moja, kama vile Cessna 206, makelele yanapita desibeli 90 kwa urahisi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa masaa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, mtu anayekaa katika desibeli 94 bila kuziba masikio anamaliza kipimo chake cha siku kwa saa moja. Kwa hiyo rubani anavaa kaske, yaani vile vikombe viwili vya masikio vyenye mikro ndogo mbele ya midomo. Lakini kaske ikiisha kufunga masikio, hata jirani wa bega kwa bega hasikiki tena. Intakomu inakuja kurudisha yale mazungumzo: inaunganisha kaske zote ili watu wasikilizane.

Mbele ya umeme kuingia katika kazi hiyo, watu walitumia mpira. Mwaka wa 1917, huko Gosport, Uingereza, mwalimu wa marubani Robert Smith-Barry alianza kusema na mwanafunzi wake kupitia bomba la mpira lililotoka kwenye mdomo wa mwalimu mpaka kwenye masikio ya mwanafunzi. Bomba hilo liliitwa jina la mji huo. Mwanafunzi hakuwa na njia ya kujibu, na walimu wengine labda waliona hiyo ni faida.

Paneli ya sauti ina kazi ingine. Yeyote aliyekwisha kuingia katika studio ya redio ameona ile meza yenye vitufe, fasi fundi anachagua mikro gani iingie hewani na sauti gani isikike katika kaske. Paneli ni meza hiyo, imepunguzwa. Upande mmoja inamuuliza rubani: unataka kusikiliza nini? Redio ya kwanza, ya pili, foni, vyombo vya kutafutia njia? Upande mwingine inamuuliza: ukifinya kitufe cha kusema, sauti yako itoke kwa redio gani? Maswali ni mawili tu. Lakini rubani anayajibu mara nyingi katika safari moja, wakati ingine katika mvua, na mkono mmoja.

Swali la kwanza: umeme ukikatika?

Wauzaji wanapenda kuanza na muziki, Bluetooth na rangi za taa. Mnunuzi mwenye akili anaanza na jambo moja: kifaa hiki kikikosa umeme, rubani ataweza bado kusema na mnara?

Paneli nzuri ina njia ya dharura ndani yake. Ikizimwa, ao ikikosa umeme, kaske na mikro ya rubani wa kushoto vinaunganishwa moja kwa moja na redio ya kwanza, bila kupitia vipande vya umeme vya paneli. Watu wengine wote wanakuwa kimya, lakini rubani anabaki na redio moja. Paneli za Garmin na za PS Engineering, makampuni mawili ya Marekani yanayojulikana zaidi katika kazi hii, zina njia hiyo, na intakomu nyingi za kufunga zinayo pia. Lakini si zote. Kuna intakomu za bei ya chini ambazo zikifa, zinakufa pamoja na redio: redio ni nzima, anteni ni nzima, betri ina nguvu, na rubani hasikii kitu.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili ambayo karatasi ya muuzaji haisemi. Kwanza, redio iliyo bora zaidi katika ndege inapaswa kufungwa fasi ya redio ya kwanza, kwa sababu njo itakayobaki. Katika ndege za zamani mtu ananunua redio mpya na kuifunga fasi ya pili, kwa sababu nyaya za pale zilikuwa rahisi kufikia, halafu siku ya shida anaachiwa ile ya zamani. Pili, hakuna sababu ya kutupa mikro ya mkono na spika ya kwenye dari. Havipendezi macho, ni kweli. Lakini kaske inaweza kukatika waya, na mikro ya mkono inakaa miaka mingi katika ndoano yake ikingoja siku moja.

Kuijaribu njia ya dharura hakuombi fundi. Ndege ikiwa chini, rubani anazima paneli, anafinya kitufe upande wa kushoto na kuita. Akijibiwa, njia iko. Fundi anayemaliza kufunga paneli mpya anapaswa kufanya jaribio hilo mbele ya mwenye ndege, na mwenye ndege asitie sahihi mpaka alione.

Nani anasema, na nani ananyamazishwa

Redio za ndege katika masafa ya VHF zina tabia moja ambayo simu ya mkononi haina: watu wawili wakisema kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika vizuri. Mara nyingi kinachosikika ni mluzi. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife katika visiwa vya Canary, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye barabara ya kurukia na watu 583 wakafa. Kosa kubwa lilikuwa la ndege moja kuanza kuruka bila ruhusa. Lakini sekunde chache mbele ya hapo, mnara na ile ndege ingine walisema pamoja, na ndani ya chumba cha rubani aliyekuwa anaanza kuruka kulisikika mluzi fasi ambapo maneno ya kumwonya yangesikika.

Katika ndege ndogo, hatari ya namna hiyo inatoka mara nyingi kwa kitufe cha kusema kilichokwama. Rubani anaendelea kuongea na abiria wake, bila kujua kwamba eneo lote linamsikiliza na kwamba hakuna mwingine anayeweza kuita. Kuna redio ambazo zinakata zenyewe kisha nusu dakika hivi. Kwa upande wa paneli, kitu cha kutafuta ni taa inayowaka ao kupepesa kila mara redio inapotuma. Taa isiyozimika inamwambia rubani kwamba kitufe kimekwama, na inamwambia mapema.

Jambo lingine la kuuliza: rubani akifinya kitufe, ni mikro ya nani inayoingia hewani? Katika paneli iliyofungwa sawasawa ni ya rubani tu. Katika vifaa vingine vya zamani mikro zote zilizo wazi zinaingia pamoja, na mnara unapokea namba ya ndege ikichanganyika na mtoto anayelia nyuma.

Hapo kunakuja kile ambacho mafundi wanaita VOX, yaani mlango wa sauti. Mikro zingekuwa wazi saa zote, kaske zingejaa makelele ya injini. Kwa hiyo intakomu inafunga kila mikro na kuifungua tu mtu akisema. Katika vifaa rahisi, mlango ni mmoja kwa mikro zote: mmoja akifungua kinywa, mikro nne ao sita zinafunguka pamoja na kuleta makelele ya pande zote. Katika vifaa bora, kila mikro ina mlango wake. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha, na ndege ikiwa imezimwa haisikiki. Inasikika angani, na kisha saa mbili za safari inasikika katika uchovu wa rubani. Kama pesa zinatosha kwa jambo moja tu zaidi ya usalama wa umeme, ziende hapo.

Kuna milango inayorekebishwa kwa mkono, kwa kuzungusha kitufe, na kuna inayojirekebisha yenyewe. Ya mkono si mbaya, lakini inaomba kurekebishwa injini ikiwa katika nguvu ya safari. Mtu anayeirekebisha chini, injini ikizunguka polepole, atakuta mikro zote zimefunguka mara tu ndege inapoanza kukimbia kwenye kiwanja. Akijibu kwa kuifunga zaidi, itakata mwanzo wa kila neno. "Simama" inakuwa "mama".

Safari ya mgonjwa

Vitufe vya kutenga watu havionekani kuwa vya maana mpaka siku ya kubeba mgonjwa. Paneli nyingi zina hali tatu. Katika hali ya kwanza, wote wanasikilizana na wote wanasikia redio. Katika ya pili, marubani wawili wanabaki na redio zao, na abiria wanaongea kati yao. Katika ya tatu, rubani anabaki peke yake na redio.

Kwa mtalii anayezunguka juu ya ziwa, hali ya kwanza inatosha. Katika ndege inayotoka na mama mwenye kutoka damu kuelekea hospitali ya Bunia ao Bukavu, muuguzi anapaswa kusema na msaidizi wake bila kuacha: mapigo ya moyo, maji ya mshipa, mshike mkono. Kwa wakati uleule rubani anakaribia kiwanja na anapokea namba za upepo na za kushuka. Maneno hayo mawili yakiingia katika sikio moja, moja linapotea. Hali ya pili inaruhusu kazi zote mbili kuendelea, na muuguzi akiwa na jambo la haraka, rubani anarudisha hali ya kwanza kwa kufinya mara moja.

Kwa hiyo hospitali ao shirika linaloweka pesa kwa ndege ya kubeba wagonjwa linapaswa kuuliza: kiti cha muuguzi kina tundu za kaske? Je, tundu hizo ziko karibu na machela, ao ziko kwenye kiti cha abiria wa kawaida ambacho kinatolewa wakati machela inawekwa? Hilo limewakuta watu. Ndege ina intakomu ya watu sita, lakini siku machela inapoingia, waya wa kaske haufiki.

Katika ndege kubwa kidogo kama Cessna Caravan, si lazima kila abiria awe na kaske. Watu wa mbele wawili na kiti kimoja cha huduma wanatosha, na wengine wapewe vizibo vya masikio vya povu, ambavyo ni vya senti chache. Kila kaske inayoongezwa inaleta mikro ingine, waya mwingine, na mtu mwingine anayeuliza rubani kama Kindu bado ni mbali.

Redio ngapi, na mlima uko wapi

VHF inakwenda sawa kama jicho linavyoona. Ndege ikiwa kwenye urefu wa mita 3,000 juu ya nchi tambarare, inaweza kusikilizana na kituo kilicho kilomita 220 hivi. Lakini mashariki mwa Kongo hakuko tambarare. Katika bonde la Mitumba, ao nyuma ya Virunga, mlima unakata sauti kilomita chache kutoka kwa mnara. Kwa sababu hiyo ndege nyingi za kazi ya porini zina foni, ile redio ya HF ambayo inatumia anteni ndefu na inaruka juu ya milima, kama zile foni za vituo vya afya na za mashirika.

Ndiyo maana idadi ya vitufe ni jambo kubwa. Paneli iliyo na fasi ya redio mbili tu itaiacha foni bila kitufe, na fundi atalazimika kuongeza swichi pembeni. Swichi hiyo njo rubani anayosahau. Anaita mnara katika foni, ao anaita ofisi yake kwa masafa ya mnara. Ndege yenye foni inaomba paneli yenye fasi ya redio ya tatu tangu mwanzo, hata kama foni yenyewe itanunuliwa mwaka ujao.

Kuna sababu ingine ya kusikiliza redio mbili pamoja. IATA, shirika la kimataifa la makampuni ya ndege, liliweka kwa sehemu nyingi za anga ya Afrika, Kongo ikiwa ndani yake, utaratibu wa marubani kujitangaza wao kwa wao katika masafa ya 126.9 MHz. Kila mmoja anasema kwa Kiingereza yuko wapi, kwenye urefu gani, na anaelekea wapi. Wakati huohuo anatakiwa kubaki katika masafa ya waongozaji. Sauti mbili katika kaske moja zinachosha. Paneli za siku hizi, kama GMA 345 ya Garmin ao zile kubwa za PS Engineering, zinaweza kutenga: redio ya kwanza inasikika kama inatoka upande wa kushoto, ya pili upande wa kulia, na akili inazitofautisha bila nguvu, kama mtu anayekaa kati ya watu wawili mezani. Ukisoma mara ya kwanza inaonekana ni mchezo wa wauzaji. Kwa anayeruka katika anga ya namna hii, njo kitu cha kisasa kinachostahili bei yake. Inaomba kaske za stereo na nyaya za stereo. Kaske ya mono haitafanya kitu hapo.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni sauti za hatari. Vyombo vingi vya GPS vya ndege vinaonya kwa sauti wakati ardhi iko karibu. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo ya kazi ya misaada ilipiga mlima ilipokuwa inakaribia Bukavu, na watu wote 17 wakafa. Mtu anayejua mawingu ya upande ule wakati wa mvua haombi maelezo zaidi. Onyo kama hilo lazima lifungwe katika njia ya paneli ambayo hakuna kitufe kinachoweza kuizima: si kitufe cha sauti, si hali ya kutenga watu, si muziki. Paneli nzuri zina njia za namna hiyo. Fundi mvivu anaweza kulifunga onyo katika njia ya kawaida, ambayo rubani anaizima bila kujua. Aulizwe, na aonyeshe.

Fishi, kaske na vitu vya zawadi

Ndege ndogo nyingi zinatumia fishi mbili kwa kila kaske: nene, ya milimita 6.35, ni ya kusikia. Nyembamba kidogo, ya milimita 5.2 hivi, ni ya mikro. Helikopta zinatumia fishi moja tu ya namna ingine. Kaske zinazoletwa kama zawadi na watu waliotumika katika jeshi zinaweza kuwa na shida ya ndani zaidi: mikro na vikombe vyake vina kipimo cha umeme tofauti kabisa, na kubadilisha fishi peke yake hakutoshi. Sauti itakuwa ndogo sana ao haitatoka. Kaske zinazopambana na makelele kwa umeme ni nzuri kwa masikio, lakini nyingi zinaomba betri ndogo. Fasi betri nzuri hazipatikani, afadhali paneli na tundu zinazozipa umeme wa ndege, ao kaske ya kawaida inayobana vizuri.

Nyaya

Mafundi wazoefu wanakubaliana juu ya jambo moja: malalamiko mengi juu ya intakomu mbaya ni malalamiko juu ya nyaya. Paneli ya dola elfu mbili ikifungwa vibaya italia kuliko intakomu ya mia tatu iliyofungwa vizuri. Sauti yenyewe inasema ugonjwa. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na nguvu ya injini unatoka kwa alternator. Mikwaruzo inayofuata mapigo ya taa za mabawa inatoka kwa taa hizo. Mlio unaokuja tu wakati rubani anatuma ni nguvu ya redio inayorudi ndani kupitia waya wa mikro, mara nyingi kwa sababu anteni ao kinga yake ina kasoro.

Dawa zinajulikana. Nyaya za sauti ziwe na kinga ya chuma, na kinga hiyo ifungwe kwenye ardhi ya umeme upande mmoja tu. Tundu za kaske zitengwe na mwili wa ndege kwa vipande vya kuzuia umeme, ardhi yao irudi kwenye paneli kwa waya wao. Nyaya hizo zisifungwe kamba pamoja na za taa ao za alternator. Vumbi jekundu na unyevu vinakula tundu na fishi: nusu ya mikro zinazosemekana zimekufa zinafufuka zikipanguswa.

Hapo njo hesabu ya pesa inapobadilika. Kazi ya nyaya inaweza kupita bei ya kifaa. Ndege iliyo na paneli ya Garmin GMA 340 inaweza kupokea GMA 345 katika nafasi ileile bila kubadilisha nyaya zote, kwa kuwa ilitengenezwa kwa kusudi hilo, na PS Engineering pia inatengeneza paneli za kuingia fasi ya zile za zamani. Ndege yenye KMA 24 ya Bendix/King, ambayo bado inaonekana katika Cessna nyingi za zamani, haina intakomu ndani ya paneli. Mwenye nayo anaweza kuongeza intakomu ya pembeni na kuacha paneli yake ifanye kazi. Kwa ndege ya viti viwili vitatu, hilo linatosha kabisa. Kwa ndege ya wagonjwa, afadhali kungoja na kuweka pesa kwa paneli nzima.

Kuna pia intakomu ya kubeba, inayotumia pili ndogo na kuchomekwa katika tundu za ndege bila kufungwa. Inapatikana kwa mia chache za dola, na ina uzuri mmoja ambao watu wanausahau: ikifa, rubani anaichomoa na kuchomeka kaske yake moja kwa moja katika ndege. Ubaya wake ni nyaya zinazolala magotini na pili zinazokwisha katikati ya safari.

Paneli mpya yenye kibali inaanzia dola elfu moja na kitu, na nyingi zinapita elfu mbili, mbele ya kumlipa fundi. Kwenye intaneti mtu anaweza kukuta sura ileile kwa bei ndogo. Asome vizuri. Garmin kwa mfano inauza GMA 245, inayofanana na 345, lakini imetengenezwa kwa ndege ambazo watu wanajijengea wenyewe. Haina kibali kwa ndege inayobeba abiria wa kulipa. Kibali cha Marekani kwa vifaa vya sauti kinaitwa TSO-C139, na namba hiyo inapaswa kuandikwa kwenye kifaa. Ndege yenye herufi za Kongo, 9Q, iko chini ya Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, na kufunga paneli mpya ni mabadiliko yanayoandikwa katika vitabu vya ndege na fundi mwenye ruhusa. Paneli ya mitumba iuzwe pamoja na karatasi zake na fishi yake kubwa ya nyuma. Bila hiyo fishi na mchoro wa nyaya, fundi anakisia.

Juu ya Bluetooth na muziki hakuna mengi ya kusema. Kupiga simu kutoka kwenye kaske ndege ikiwa bado chini kunasaidia fasi hakuna mnara. Muziki unanyamaza wenyewe redio ikisema, isipokuwa katika hali ambayo PS Engineering inaiita karaoke, na jina hilo linatosha kumwonya mtu. Kilicho na faida zaidi ni kirekodi kidogo kinachorudisha maneno ya mwisho ya redio, kwa rubani anayezungukwa na Kifaransa na Kiingereza cha lafudhi kumi.

Kwa anayepanda

Abiria aliyepewa kaske aweke mikro karibu kabisa na midomo, upana wa kidole kimoja ao chini ya hapo, kwa sababu mikro hizo zimetengenezwa kukataa sauti ya mbali. Asiguse vitufe vya usukani kama ameketi mbele. Kitufe cha kusema kiko hapo. Akisikia redio inaongea, anyamaze mpaka imalize, hata kama rubani hajamwambia. Na kaske ambayo hakuna anayeivaa ichomolewe fishi zake, isiachwe ikining'inia karibu na dirisha lenye upepo, kwa maana mikro yake itafunguka na kujaza makelele katika masikio ya rubani mpaka mwisho wa safari.